Hadithi Zetu Zilizohamia Toronto

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi jioni jijini Nairobi, kwenye tamasha la fasihi la waandishi wenye asili ya Asia. Kuna waliofika wakakuta ukumbi umejaa, na kuna walionipigia simu kutoka Mombasa na Dar es Salaam wakitaka kujua nilisema nini hasa. Naiweka yote, pamoja na utani wake.

Waheshimiwa waandaaji, wazee wetu mlioketi safu ya mbele, waandishi mliosafiri kutoka mbali, na ninyi wanafunzi mliosimama ukutani kwa sababu viti vimekwisha: hamjambo?

Nimewasikia wa mbele tu. Huko ukutani, hamjambo?

Naam. Sasa tuko pamoja.

Mshereheshaji amenipamba mno. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kutoka Mombasa, nimestaafu, basi. Nilipoisoma ratiba ya tamasha hili toka juu hadi chini niliona kila kikao ni cha Kiingereza. Nikampigia aliyenialika: binti yangu, mna hakika hamjakosea namba? Akanijibu, "Mwalimu, njoo useme unalotaka kwa lugha unayotaka." Basi nimekuja. Na ninalotaka kulisema nalisema mapema, ili hata atakayesinzia baada ya ile chai nzito awe ameshalisikia.

Waandishi tunaowasherehekea leo wameandika habari zetu sote. Bandari zetu, reli yetu, magereza yetu, madeni yetu. Lakini sehemu kubwa ya waliyoyaandika imekwenda kuishi Toronto, London na Iowa, kwa lugha ambayo wengi wa watu wanaotajwa humo hawaisomei riwaya. Mimi nimekuja kudai. Nadai hadithi hizo zirudi zikae Kongowea, zikae Kariakoo, zikae Kisumu, na zikae kwa Kiswahili.

Mkiniona mkali, subirini. Bado sijaanza.

Tuanze hapa jirani. Nani kati yenu alipita Bustani ya Jeevanjee akija huku? Inueni mikono. Wengi. Na nani alisimama kidogo kuwasikiliza wale jamaa wa Bunge la Mwananchi wakibishana juu ya bei ya unga na ya serikali? Aa, mikono imepungua. Ninyi watu wa Nairobi hamna muda.

Bustani ile ilitolewa kwa wakazi wa mji huu mwaka 1906 na Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, aliyetajirika kwa kandarasi za reli. Hilo wengi mnalijua. Ila mnajua kwamba mtu huyo huyo, mwaka 1901, ndiye aliyeanzisha Mombasa gazeti la African Standard? Alikaa nalo miaka michache, akaliuza 1905. Likahamia Nairobi, likaitwa East African Standard, na kwa miongo kadhaa likawa sauti ya walowezi wa Kizungu, wale wale waliopigana kufa na kupona ili Mhindi asipate ardhi kwenye nyanda za juu. Mtu ananunuliwa ngoma yake, kisha anapigiwa yeye mwenyewe! Ndilo gazeti la The Standard mnaloliona kwa wachuuzi kila asubuhi.

Na bustani nayo ilitaka kwenda. Mwaka 1991 wakubwa walipanga kuigeuza maegesho ya magari na maduka. Aliyesimama mbele kuitetea ni mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel. Bustani ikasalia. Mama yule hakuishia hapo: aliandika kitabu cha maisha ya babu yake, akaandika na cha Makhan Singh, na pamoja na Zahid Rajan wakaendesha jarida la Awaaz, ambalo limehifadhi habari za Waasia wa nchi hii kuliko vitabu vyote vya shuleni nilivyopata kufundishia.

Nimemtaja Makhan Singh. Kwake nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Nairobi akiwa kijana mwaka 1927. Baba yake alikuwa na mtambo wa kuchapa. Mfikirieni: kijana wa Kalasinga, kilemba kichwani, wino vidoleni, mchana anapanga herufi za risasi moja moja kwenye fremu, usiku anatunga mashairi ya Kipunjabi. Mshairi na mpiga chapa. Kwa watu kama sisi tunaopenda vitabu, kuna mchanganyiko mtamu kuliko huo?

Mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichokuwa cha Wahindi, na kikageuka kuwa Labour Trade Union of Kenya, mlango wazi kwa wote bila kuuliza rangi. Mwaka 1937 waligoma takriban miezi miwili. Wakoloni wakamtia jicho. Alipokwenda India wakamfunga kule, aliporudi Kenya wakajaribu kumfukuza. Hakufukuzika.

Sasa nisikilizeni. Tarehe 23 Aprili 1950, hapa hapa Nairobi, ukumbi wa Kaloleni, kwenye mkutano wa pamoja wa Kenya African Union na Wahindi wa Congress ya Afrika Mashariki, Makhan Singh alisimama akatoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Mwaka 1950! Wengi wa viongozi wa wakati ule walikuwa bado wanaomba viti viwili vitatu vya baraza. Kabla mwezi mmoja haujapita alikuwa mikononi mwa polisi. Akapelekwa kizuizini kaskazini, Lokitaung, Maralal, Dol Dol, na hakuachiwa hadi Oktoba 1961. Zaidi ya miaka kumi na moja. Bila kesi ya maana.

Alipotoka alifanya nini? Alidai cheo? Alizama kwenye makaratasi yake, maana alikuwa mtu wa kutunza kila kikaratasi, na mwaka 1969 akatoa historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya hadi 1952. Kitabu kile kimejaa akina nani? Makuli wa bandari ya Mombasa. Wafanyakazi wa reli. Chege Kibachia na mgomo mkuu wa Mombasa wa 1947. Marehemu babu yangu alikuwa kuli bandarini mwaka ule. Kwetu nyumbani hakuna karatasi hata moja iliyoandika kwamba aligoma. Karatasi iko kwa Makhan Singh.

Nauliza, na kila mtu ajijibu mwenyewe: hiyo ni fasihi ya nani?

Na hakuwa peke yake. Unguja, mwanzoni mwa karne iliyopita, kulikuwa na gazeti la Kigujarati, Samachar. Nairobi, kuanzia 1933, Girdhari Lal Vidyarthi aliendesha Colonial Times, na kwenye mtambo wake likatoka pia gazeti la Kiswahili, Habari za Dunia. Alifungwa kwa uchochezi. Pio Gama Pinto, Mgoa, yaani mwenye asili ya Goa kule India, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa mbunge, na mnajua alivyouawa Februari 1965, nje ya nyumba yake, na mtoto wake mdogo ndani ya gari. Nikiwataja wote tutalala humu.

Twendeni Kampala.

Mwaka 1961 kijana wa miaka ishirini na kitu, Rajat Neogy, mzaliwa wa Kampala mwenye asili ya Bengal, aliyerudi kutoka masomoni London, alianzisha jarida akaliita Transition. Jarida dogo tu, la mji wa matatu na ndizi. Lakini Bara zima likaanza kugombana humo. Achebe yumo, Soyinka yumo, Ngũgĩ wakati akiitwa James yumo. Watu walikuwa wakifungua kurasa za barua kwanza, kabla ya makala, kuona safari hii nani anatukanwa. Siwaficheni kwamba baadaye ilibainika sehemu ya fedha zake ilipitia Congress for Cultural Freedom, na nyuma ya Congress hiyo walikuwapo CIA, majasusi wa Marekani. Doa hilo lipo, tusilipake chokaa.

Lakini kuna toleo moja ambalo ningependa kila mwalimu wa Kiswahili alijue. Mwaka 1963 Mnigeria Obi Wali aliandika humo kwamba fasihi ya Kiafrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya imeingia kichochoro kisicho na upande wa kutokea. Moto ukawaka. Majibu yakamiminika. Ngũgĩ mwenyewe, miaka mingi baadaye, alipoamua kuandika kwa Gĩkũyũ, alirudi kumtaja Obi Wali. Sasa jiulizeni: nani aliwapa Waafrika uwanja wa kugombania lugha zao? Mhindi wa Kampala, kwa jarida la Kiingereza! Mimi hilo linanichekesha na kuniuma kwa pamoja.

Mwaka 1968 jarida likachapa maoni ya Abu Mayanja yaliyoikosoa serikali ya Obote juu ya katiba. Mayanja akakamatwa, Neogy akakamatwa. Alipoachiwa hakuwa yule yule. Jarida likahamia Accra, Soyinka akalishika baadaye, na siku hizi linatoka Harvard. Neogy alifia San Francisco mwaka 1995.

Mnaona njia inavyokwenda? Kampala, Accra, Harvard. Kila hatua mbali zaidi na mama anayeuza matoke pale Nakasero.

Halafu ukaja mwaka 1972.

Peter Nazareth, Mgoa mzaliwa wa Kampala, mtumishi wa serikali ya Uganda, alikuwa ameandika riwaya iitwayo In a Brown Mantle. Ilichapwa hapa Nairobi na East African Literature Bureau. Msimulizi wake ni Mgoa aliyejitosa kwenye siasa za nchi ya kubuni ya Kiafrika, akapigania uhuru, mwisho akajikuta hana pa kusimama. Riwaya inatoka mwaka 1972, na tarehe 4 Agosti mwaka huo huo Idi Amin anatangaza kwamba Waasia wana siku 90 waondoke. Wino haujakauka vizuri! Wakosoaji walisema Nazareth alitabiri. Sidhani alitabiri. Alikuwa akisikiliza wanayosema watu ofisini na sokoni, ambako wengine walidhani ni maneno tu.

Zaidi ya watu 27,000 walipokelewa Uingereza. Maelfu wakaenda Kanada. Nazareth akaishia Iowa. Mahmood Mamdani, aliyekulia Kampala, akajikuta kwenye kambi ya wakimbizi Kensington, London, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kifupi, kikali, juu ya mtu anayelala raia na kuamka mkimbizi. Yeye alirudi, kafundisha Dar es Salaam, kafundisha Makerere. Wengi hawakurudi. Lakini angalieni: wajukuu nao wanaandika. Neema Shah wa London ametoa Kololo Hill mwaka 2021. Janika Oza wa Kanada, mwaka 2023, ametoa A History of Burning, inayoanza na kijana wa Kigujarati anayeghilibiwa kuletwa kwenye ujenzi wa reli. Reli ile ile! Watu karibu 32,000 waliletwa kutoka India kati ya 1896 na 1901, kama 2,500 wakafa, wengi wakarudi kwao, elfu sita na mia kadhaa wakabaki. Zaidi ya miaka mia moja imepita na binti wa Toronto bado anaifukua. Kololo ni kilima cha Kampala, na sasa ni jalada la kitabu kwenye rafu ya London.

Ndugu zangu, sasa nageuka. Mpaka hapa nimewafurahisha, na tamasha lolote la fasihi linaweza kuishia hapo: tumewataja mashujaa, tumepiga makofi, tunakwenda kula sambusa. Mwaka 2017 serikali ilipotangaza kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44, watu walikumbatiana. Vizuri. Lakini kabila si cheti. Kuna mambo hatujaambizana.

Acheni niwasimulie. Nyumbani kwetu Mombasa, mwisho wa mtaa, kulikuwa na duka la Mhindi mmoja, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Bibi yangu alikuwa akikopa kwake sukari, mafuta ya taa, mchele. Mzee aliandika kila mkopo kwenye daftari refu jekundu, kwa Kigujarati. Bibi hakujua kusoma Kigujarati. Hakujua kusoma chochote, lakini alijua kwamba haijui ile daftari. Kwa hiyo naye alikuwa na yake: ubavuni mwa mlango wa jikoni alipiga mistari kwa mkaa. Mstari mfupi sukari, mrefu mafuta, uliopinda mchele. Mwisho wa mwezi mzee anasoma daftari, bibi anasoma mlango. Na hesabu hazikuwahi kulingana! Wanabishana, mzee anavua miwani, bibi anakunja kanga, mimi nimetumwa kukimbia nyumbani kuhesabu mistari upya. Mwisho wanakutana katikati, kila mmoja akiamini ameibiwa kidogo.

Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye riwaya. Nataka daftari nyekundu na mlango wa jikoni vyote viwili viwekwe mezani.

Na wapo walioviweka. M. G. Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, akasomea fizikia ya nyuklia Marekani, akaishia Toronto, ambako alishinda tuzo ya Giller, tuzo kubwa ya fasihi ya Kanada, mara mbili. Mwaka 1989 alitoa The Gunny Sack. Kijana Salim Juma anarithi gunia kuukuu lililojaa mabaki ya ukoo, na kila akichomoa kitu, hadithi inatoka. Inatoka hadithi ya babu wa mababu, Dhanji Govindji, aliyetua pwani yetu kutoka India na kufungua biashara. Anapewa mwanamke mtumwa, Bibi Taratibu. Anazaa naye mtoto, Huseni. Kisha anaoa mke "wa heshima" wa jamaa yake, na Bibi Taratibu anaondolewa. Mtoto anakua, anapotea bara. Na mzee anaingiwa na wazimu wa kumtafuta, anatumia mali yake, anaingiza mkono hata kwenye fedha za jamaa alizoaminiwa, mpaka anauawa. Na Salim, huyu anayetusimulia? Ni wa ukoo wa Huseni.

Nawauliza wazee wangu wa Kiasia mliomo humu, kwa heshima zote: nyumbani kwenu Bibi Taratibu anatajwa? Kwenye zile picha za ukutani, yule babu wa kofia nyeusi na bibi wa sari, Bibi Taratibu yuko wapi?

Mmenyamaza. Sikuwatarajia mjibu. Vassanji alikwisha jibu, na nadhani hakupendwa na kila mtu kwa jibu lile.

Msishangilie bado, ninyi wa upande wangu. Zamu yetu inakuja. Mwaka 1971 Tanzania ilipotaifisha majumba ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yalikuwa ya Waasia, na wengi wao hawakuwa matajiri wa kutisha. Walikuwa na jumba moja la ghorofa, duka chini, familia juu. Walianza kufungasha. Tulisema nini? Wengine walisema afadhali. Walipoondoka tuliingia vyumbani mwao tukasema afadhali tena. Soma Vassanji uone mtaa unavyomwagika, mlango mmoja baada ya mwingine, mpaka Kariakoo inabaki na majina tu juu ya maduka. Mimi ni mjamaa wa moyo, sitawaambia sera ile haikuwa na sababu. Nasema tu kwamba sababu ya sera na machozi ya jirani ni vitu viwili, na riwaya inavibeba vyote bila kukuomba uchague.

Dokta Yusuf Dawood, yule daktari wa upasuaji mliyekuwa mkimsoma kila Jumapili kwenye Nation, alikuwa na mkono laini zaidi. Alichana watu hospitalini, gazetini akawashona. Sophia Mustafa, aliyeingia baraza la kutunga sheria la Tanganyika mwaka 1958, aliandika riwaya uzeeni. Shailja Patel alizitandika sari za mama yake jukwaani na kuzitoa humo historia ya ukoloni mzima. Watafuteni.

Sasa nifike nilikokuwa naelekea. Je, ni lazima hadithi hizi ziwe za Kiingereza?

Kuna kisa cha darasani. Nilikuwa nikiwasomesha watoto wa kidato cha nne tamthilia ya Aliyeonja Pepo, ile ya mtu anayefikishwa mbinguni kimakosa, na makarani wa huko wanahangaika na faili lake kama wako ofisi ya ardhi. Watoto wanacheka mpaka wanalala kwenye madawati. Nikawauliza: mwandishi ni mtu wa wapi? Wote: Mzanzibari! Kweli. Nikawaambia, Farouk Topan ni Mzanzibari mwenye asili ya India. Kimya. Kisha kijana mmoja wa nyuma, mtundu, akasema: "Lakini Mwalimu, Kiswahili chake hakina lafudhi!"

Chekeni, chekeni. Mimi pia nilicheka. Lakini mtoto yule alisema jambo zito bila kujua. Topan aliandika Mfalme Juha mwaka 1971 na Aliyeonja Pepo mwaka 1973, na alikuwa miongoni mwa waliojenga ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili, kwa Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na kwa sababu aliandika kwa Kiswahili, hakuna aliyemuuliza pasipoti. Watoto walimchukua wakaenda naye. Chuo hicho hicho kilimtoa Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa, aliyekuwa na wenzake kwenye jarida la wanafunzi la Cheche, lililopigwa marufuku mwaka 1970. Na hadi leo akitaka kuwachoma wakubwa huwachoma kwa Kiswahili, ili wasisingizie kutoelewa.

Ninaye na Gurnah. Naona baadhi yenu mmekunja uso: Gurnah naye ni Mwasia? Baba yake alitoka Yemen. Yemen iko bara gani? Fungueni ramani, tutajadiliana kwenye chai. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi, akaandika Uingereza, na mwaka 1994 akatoa Paradise. Ndani yake mnakutana na Yusuf, mtoto anayetolewa na babake kwa tajiri Aziz ili kulipia deni. Deni tena! Mnakutana na wasafiri wa misafara, Waswahili, Waarabu, Wanyamwezi, na fundi wa magari, Kalasinga, mwenye ndoto ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili huku wenzake wakimtania. Watu wote hao, kwenye hadithi, wanaongea Kiswahili. Kitabu kikawa cha Kiingereza. Kikashindania tuzo ya Booker, kikasifiwa Ulaya.

Kiswahili chake kilitoka lini? Mwaka 2022. Baada ya tuzo ya Nobel ya 2021. Ida Hadjivayanis akakitafsiri, Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam wakakichapa, kinaitwa Peponi. Miaka ishirini na minane. Yaani mtoto angezaliwa siku kilipotoka kwa Kiingereza, asome msingi, asome sekondari, amalize chuo, aoe, ndipo akipate kwa lugha wanayoongea watu wa kitabuni.

Nimekisoma Peponi barazani kwetu kwa sauti, jioni, wazee wakisikiliza. Kwenye mabishano ya Kalasinga na wenzake mzee mmoja alinikatiza akasema, huyu namjua, gereji yake ilikuwa karibu na Makupa. Namjua! Mtu wa kubuni, wa kitabu kilichoandikwa Uingereza, ana gereji Makupa. Mngeweza kunipa mapitio ya magazeti yote ya London, nisingebadilisha na neno lile.

Kwa hiyo tusisubiri Nobel nyingine. The Gunny Sack kwa Kiswahili, mimi sijabahatika kuikuta dukani. In a Brown Mantle, sijaikuta. Kitabu cha Makhan Singh, ambacho kinamhusu babu yangu, sijakikuta. Nani anakizuia? Si mkoloni.

Ninyi waandishi mliotoka ng'ambo, nawaheshimu, lakini nawaomba jambo la kikaratasi kabisa. Wakala wako akikuletea mkataba, kabla hujatia sahihi, uliza: haki za tafsiri ya Kiswahili zinakwenda kwa nani? Mara nyingi zinafungiwa kabatini na mchapishaji ambaye hana haja nazo, na mchapishaji wa Nairobi au Dar akiziomba anatajiwa bei ya Ujerumani. Zibakize kwako. Kisha zitoe huku kwa bei ya huku. Hutapata utajiri, lakini utapata wasomaji wa barazani, na hao hawaandiki mapitio ya adabu.

Wachapishaji, mko hapa, nimewaona mkijificha nyuma ya nguzo. Mnasema tafsiri haiuziki mpaka iwe kitabu cha mtihani. Pelekeni basi hoja hiyo kwa wanaopanga vitabu vya mtihani; mbona mnajua kuwafikia mkiwa na vitabu vingine?

Na waandaaji. Mwakani nataka siku nzima ya tamasha hili iwe kwa Kiswahili, na isiwe ukumbi wa hoteli. Wekeni viti Bustani ya Jeevanjee. Wenyeji wa pale hubishana kila siku bila kipaza sauti. Wapeni kurasa kumi za Vassanji kwa Kiswahili halafu mkae kando. Mtasikia uhakiki ambao hakuna chuo kinafundisha.

Binti wa muda ananionyesha kadi nyekundu, na mimi wanafunzi wangu walinijua kwa kutii kengele. Nakala za Peponi ziko meza ya pili kutoka mlangoni, nimeziona, si nyingi, msisukumane. Maswali nayapokea kwa Kiswahili, kwa Kigujarati, kwa Kipunjabi, kwa Kikonkani cha Goa, mradi anayeuliza aje na mkalimani wake. Yule mzee wa kilemba cha bluu ameinua mkono tangu nilipomtaja Makhan Singh. Karibu, mzee wangu, anza wewe.